Methanoli, Nyonyo na Nitro: Kilichomo Ndani ya Mafuta ya Ndege za Modeli

Kila inapotoka taarifa ya watu kufa kwa pombe yenye methanoli, wanaorusha ndege za modeli, zile ndogo za mchezo zisizobeba mtu, huulizwa swali lile lile: hicho kitu mnakiweka nyumbani cha nini? Swali ni la haki. Mei 2014, pombe iliyotiwa methanoli iliua zaidi ya watu 60 nchini Kenya, huko Embu, Kitui, Kiambu na kaunti nyingine, na miongoni mwa walionusurika wapo waliopofuka. Kimiminika hicho hicho ndicho sehemu kubwa ya kinachomiminwa kwenye tangi la ndege ya modeli yenye injini. Na wapo wanaochanganya mafuta hayo wenyewe, kwa sababu yaliyotayarishwa kiwandani ni ghali, abiria haruhusiwi kupanda nayo ndege, na duka linaloyauza Afrika Mashariki ni la kutafuta kwa tochi.

Ushauri unaozunguka kuhusu mafuta haya unapingana vibaya. Mmoja anaambiwa atumie spiriti ya duka la dawa, mwingine petroli na oili ya pikipiki, mwingine anaambiwa nitro ndiyo mafuta yenyewe. Kuchanganya kwenyewe ni kazi nyepesi: vimiminika vitatu na chombo cha kupimia. Kinachotakiwa ni kujua kila kimoja kinafanya kazi gani, maana hapo ndipo unapojua kipi kina mbadala na kipi hakina.

Tukubaliane kwanza juu ya maneno. Nikisema mafuta, nina maana ya mchanganyiko mzima unaoingia kwenye tangi. Nikisema oili, nina maana ya kile kinacholainisha vyuma. Methanoli ni aina ya alkoholi, lakini si ile ya kwenye bia; ya kwenye bia inaitwa ethanoli. Nitro ni kifupi cha nitromethani, kimiminika kingine kabisa, nacho hakihusiani na gesi ya "nitro" wanayofunga kwenye magari ya mbio.

Injini isiyo na cheche

Injini tunayoizungumzia ni ndogo, ya silinda moja, yenye ujazo wa kama cc 2.5 hadi 15, na nyingi ni za mipigo miwili kama injini ya msumeno wa kukatia miti. Plagi yake ukiitazama kwa nje inafanana na ya pikipiki iliyopunguzwa, lakini haitoi cheche. Ndani ina koili ndogo ya waya wenye platinamu. Unaipa umeme wa betri ya volti 1.5 mpaka koili iwe nyekundu, unazungusha propela, injini inashika, halafu unaondoa betri. Injini inaendelea kunguruma bila waya wowote, bila koili ya kuwashia wala magneto. Plagi ya namna hii, iitwayo plagi ya joto, aliiingiza sokoni Mmarekani Ray Arden mwaka 1947, na ndiyo iliyofanya injini za modeli ziwe nyepesi na za bei ambayo kijana anaweza kuifikia.

Kwa nini haizimi betri ikiondolewa? Sababu moja ni joto lililobaki kwenye koili pamoja na joto la mgandamizo. Sababu ya pili ndiyo inayoamua mafuta gani utumie: mvuke wa methanoli ukigusa platinamu yenye moto, unaanza kuungua hapo hapo juu ya uso wa waya na kuupa joto jipya. Kila mzunguko unauwasha ule unaofuata. Petroli haina mapatano hayo na platinamu. Ndiyo maana petroli kwenye injini hii, hata ukiiwekea oili nzuri kiasi gani, itakupa mlipuko mmoja mmoja halafu kimya. Zipo ndege kubwa za modeli zinazotumia petroli, ila hizo zina plagi za cheche na mfumo wa umeme wa kuziwasha.

Methanoli ina sifa ya pili ambayo haisemwi sana: inapogeuka mvuke inafyonza joto jingi, karibu mara tatu ya petroli kwa kila kilo. Injini ndogo isiyo na rejeta, inayozunguka mara 10,000 na zaidi kwa dakika, inahitaji sana kupoozwa kutoka ndani.

Sasa spiriti. Spiriti ya duka la dawa ni ethanoli iliyotiwa vitu vya kuifanya isinyweke, na mara nyingi ina maji mengi ndani yake kwa makusudi, kwa sababu maji huisaidia kuua vijidudu. Maji ndiyo adui mkubwa wa plagi ya joto: injini inakataa kuwaka, au inawaka na kuzima ukiondoa betri. Hata spiriti ya kuwashia jiko haifai, maana ethanoli haiitikii platinamu vizuri kama methanoli na inahitaji vipimo vingine vya hewa. Kwa hiyo methanoli haina mbadala hapa. Tafuta ya viwandani au ya maabara, yenye usafi wa asilimia 99 na zaidi, kwenye dumu lenye lakiri. Dumu lililokuwa wazi kwenye ghala la mtu lilishakunywa maji kutoka hewani, na Dar es Salaam, Tanga au Mombasa hewa yenyewe ni maji nusu.

Oili ya nyonyo, na ile ya nywele

Kimiminika cha pili ni oili, na hapa watu wanaojua pikipiki hushtuka. Kwenye injini ya kawaida ya mipigo miwili, oili ni asilimia 2 hadi 4 ya petroli. Kwenye mafuta ya modeli ni asilimia 18 hadi 22. Injini za zamani zisizo na beringi za gololi, zile ambazo shafti inazunguka moja kwa moja kwenye bushi, zinataka hadi asilimia 25. Oili hii nyingi haiungui yote. Sehemu kubwa inapita ndani, inalainisha, inabeba joto na kutokea kwenye ekzosi. Ndege ikitua, tumbo lake na mzizi wa bawa vinang'aa kwa utando wa oili, na harufu yake unabaki nayo mikononi jioni nzima. Ikiwa ndege yako inarudi kavu, usifurahi. Kagua mchanganyiko kabla hujairusha tena.

Oili ya jadi ni mafuta ya nyonyo, ambayo pwani na Kenya wengi huyaita mafuta ya mbarika. Yamechaguliwa kwa sababu ya kemia. Oili ya gari inatokana na petroli ghafi na haichanganyiki na methanoli. Ukizitia pamoja kwenye chupa na kutikisa, dakika chache baadaye utaona tabaka mbili zimejitenga, na ikitokea hivyo ndani ya tangi, injini itanyonya methanoli tupu na kujisaga yenyewe. Mafuta ya nyonyo yanayeyuka kwenye alkoholi kikamilifu, tena kwenye petroli hayayeyuki vizuri. Tabia hiyo hiyo ndiyo iliyoyaweka kwenye ndege halisi za Vita vya Kwanza vya Dunia: injini za mzunguko kama Gnome na Le Rhône zilipitisha petroli ndani ya nyumba ya shafti, na oili nyingine ingeoshwa na petroli hiyo.

Nyonyo lina uzuri mwingine. Injini ikipata joto kupita kiasi, oili nyingi hukimbia uso wa chuma, lakini nyonyo hunata na kuwa zito zaidi. Ubaya ni kwamba joto hilo hilo huligeuza kuwa gundi ya rangi ya kahawia inayoshika pistoni na ekzosi. Oili za sintetiki zilizotengenezwa kwa ajili ya methanoli zinaacha injini safi, lakini zinasamehe kidogo pale unapokosea kurekebisha kabureta. Mimi naona busara iko katikati: robo tatu sintetiki na robo nyonyo kwa injini za kisasa zenye beringi, na nyonyo tupu kwa zile za zamani.

Swali linalokuja kila mara: haya mafuta ya nyonyo ya nywele, yanayouzwa sokoni, yanafaa? Inategemea ndani kuna nini. Yale meusi yaliyokamuliwa kwenye mbegu zilizokaangwa yana majivu, vumbi la mbegu na wakati mwingine maji, na hayo ni msasa kwa beringi. Yale ya dukani yenye manukato mara nyingi yamechanganywa na oili nyingine, na lebo haisemi wazi. Ya duka la dawa, yaliyo safi, mepesi wa rangi na yasiyo na kiungo kingine, kwa kawaida hufaa. Kipimo kipo na hakina gharama. Chukua chupa ndogo ya kioo, tia sehemu moja ya mafuta hayo na sehemu nne za methanoli, funga, tikisa, iache kwa siku nzima. Ikibaki angavu kama chai ya rangi iliyopauka, ni nyonyo halisi. Ikifanya ukungu, ikatoa matone yanayozama au tabaka juu, hilo si la injini. Na kwa wanaoogopa sumu ya mbegu za nyonyo: sumu hiyo, risini, ni protini inayobaki kwenye mashudu. Haimo kwenye mafuta yaliyosafishwa.

Mgeni anayekuja na chakula chake

Nitro ndiyo inayotajwa zaidi na kueleweka kidogo zaidi. Watu wanaiita nguvu, na kweli inaongeza nguvu, lakini ukiangalia nishati iliyomo utashangaa. Kilo moja ya petroli ina takriban megajuli 44, kilo ya methanoli 20, kilo ya nitromethani 11 na kidogo. Nitro ni dhaifu kuliko zote. Inashindaje?

Jibu ni hewa. Silinda inaweza kuvuta hewa ya kiasi fulani tu kila mzunguko, na hewa hiyo ndiyo inayoamua uunguze mafuta kiasi gani. Kuunguza kilo moja ya petroli kunahitaji hewa kilo 14.7. Methanoli inahitaji kilo 6.4. Nitromethani inahitaji kilo 1.7 tu, kwa sababu ndani ya molekuli yake imebeba oksijeni yake. Ni mgeni aliyekuja kwenye karamu na sahani yake ya pilau: chakula cha mwenyeji kikiwa kile kile, unaweza kukaribisha wageni wengi zaidi wa namna hiyo. Piga hesabu utaona. Kwa kilo moja ya hewa, petroli inatoa megajuli 3, methanoli 3.1, nitro zaidi ya 6.

Kutokana na hapo mambo kadhaa yanaeleweka yenyewe. Ukiongeza nitro lazima ufungue sindano ya kabureta, ile skrubu inayopima mafuta yanayoingia, kwani injini inataka mafuta mengi zaidi kwa hewa ile ile, na tangi litaisha mapema. Nitro nyingi pia huwahisha mwako, kwa hiyo injini yenye mgandamizo mkubwa itaanza kugonga na kukata koili za plagi. Dawa yake ni kuongeza shimu, yaani pete nyembamba ya kupunguza mgandamizo, chini ya kichwa cha silinda au kutumia plagi ya baridi zaidi. Injini nyingi za Ulaya zilibuniwa kwa nitro asilimia 0 hadi 5. Za Marekani huzoea 5 hadi 15, na helikopta za modeli hufika 30. Kumwaga asilimia 25 kwenye injini iliyotengenezwa kwa asilimia 5 ni kununua uharibifu kwa bei kubwa, maana nitro ndiyo ghali kuliko vyote kwenye dumu.

Wala si kweli kwamba bila nitro injini haiendi. Shirikisho la kimataifa la michezo ya anga, FAI, kwa miongo mingi liliagiza mashindano ya ndege za kasi zinazorushwa zikiwa zimefungwa kwa waya yatumie methanoli asilimia 80 na nyonyo asilimia 20, basi. Kwa mafuta hayo yasiyo na tone la nitro, injini za cc 2.5 zilisukuma ndege karibu na kilomita 300 kwa saa. Kinachopatikana kwa nitro kidogo, asilimia 5 au 10, ni utulivu: injini inawaka kirahisi, haizimi ikishushwa mwendo, na sindano haihitaji kuguswa kila saa. Kwa anayeanza, hilo ni la maana kuliko kasi. Kama nitro haipatikani kwako, usihangaike nayo. Anza na 80 kwa 20.

Nairobi ina hoja yake ya pekee. Kwenye mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Mombasa. Sindano iliyorekebishwa pwani itamwaga mafuta mengi mno ikipanda huko, na injini itanguruma kwa kusitasita; funga kidogo kidogo. Ukiteremka na ndege hiyo hiyo pwani bila kufungua tena, mafuta yatakuwa machache kuliko hewa, injini italia kwa sauti kali na tamu dakika moja, kisha itakwama. Nitro kidogo inafidia nguvu iliyopotea mlimani.

Kupima: ujazo au uzito?

Hapa ndipo hesabu huwapotosha hata waangalifu. Asilimia za mafuta ya modeli, kwa mazoea, ni za ujazo. Lita moja ya mafuta ya nitro asilimia 10 na oili asilimia 20 ni mililita 100 za nitro, 200 za oili na 700 za methanoli. Lakini vimiminika hivi havina uzito sawa: mililita moja ya methanoli ina gramu 0.79, ya nyonyo 0.96, ya nitro 1.14. Mtu akiweka dumu kwenye mizani na kupima asilimia 20 ya oili kwa uzito, kwenye mchanganyiko wa methanoli na nyonyo tupu, anapata asilimia 17 tu ya ujazo bila kujua. Mizani ni nzuri, tena ni sahihi kuliko chombo kilichopakwa oili nata, mradi ubadilishe kwanza: kwa lita ile ya juu, gramu 114 za nitro, 192 za nyonyo, 553 za methanoli.

Tofauti hiyo imeingia hata kwenye sheria. Tangu Februari 2021, kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2019 kuhusu kemikali zinazoweza kutumiwa kutengeneza vilipuzi inamzuia mtu wa kawaida asiye na leseni kuwa na mchanganyiko wenye nitromethani zaidi ya asilimia 16, na hiyo ni asilimia ya uzito. Chupa ya nitro asilimia 15 kwa lugha ya warusha ndege ina zaidi ya asilimia 19 kwa uzito, kwa hiyo imevuka mpaka. Ya asilimia 12 inabaki ndani kwa unywele. Waswahili walioko Ujerumani au Uholanzi wanaofanya mchezo huu wameona rafu za maduka zikibadilika, na sababu ndiyo hiyo.

Sumu na moto

Narudi kwa swali la mwanzo, kwa kuwa ndilo zito. Methanoli mwilini hugeuzwa na ini kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo hushambulia mishipa ya macho kwanza. Mtu anaweza kujisikia kama mlevi wa kawaida kwa saa 12 hadi 24 kabla ya macho kufanya ukungu, na kuchelewa huko ndiko kunakoua. Matibabu yapo, hospitalini, yakiwahi. Akimeza mtu, hakuna kusubiri dalili. Inapita pia kwenye ngozi, na mvuke wake unavutwa. Changanya nje, penye upepo, na glavu za mpira wa butili.

Kinachonitia hofu zaidi ni chombo. Mafuta ya kiwandani hutiwa rangi nyekundu, kijani au buluu ili yaonekane kwenye tangi, na rangi hizo kwenye chupa safi ni juisi mbele ya macho ya mtoto. Usiyaweke kamwe kwenye chupa ya maji wala ya soda, hata kwa nusu saa ya kwenda uwanjani. Dumu gumu la plastiki au la bati, kifuniko kinachokaza, maandishi makubwa ya SUMU kwa Kiswahili, kabati lenye kufuli. Na usimpe wala kumuuzia mtu methanoli inayobaki, hata akikuambia ni ya kusafishia. Huwezi kujua itaishia kwenye chupa gani.

Moto wa methanoli mchana hauonekani. Unaweza kuona hewa ikitetemeka juu ya meza na usione mwali. Ila tofauti na petroli, methanoli inachanganyika na maji, kwa hiyo maji mengi yanaizima. Ndoo iwe karibu kabla hujafungua dumu.

Jioni usiache mafuta kwenye injini. Methanoli iliyobaki inavuta maji, na mabaki ya mwako yana asidi, na kutu huanzia kwenye beringi ambako huioni. Bana mpira wa mafuta injini ikiwa inazunguka mpaka ijizimie, kisha tia matone machache ya oili nyepesi na uzungushe propela kwa mkono.

Dizeli ambayo si dizeli

Zipo injini za modeli zinazoitwa dizeli, zilizoenea Ulaya tangu miaka ya 1940. Hazina plagi kabisa. Zinawaka kwa mgandamizo, ambao mrushaji anaubadilisha kwa skrubu iliyo juu ya kichwa cha silinda. Dizeli ya kituo cha mafuta haifanyi kazi humo. Mafuta yake ni theluthi moja mafuta ya taa, theluthi moja nyonyo na theluthi moja etha, pamoja na asilimia 1 au 2 ya kiharakisha mwako kama amili nitrati. Usichanganye hiyo na amili nitriti, ambayo ni dawa inayoshusha presha ghafla.

Mafuta ya taa yanaleta nguvu, nyonyo linalainisha, na etha ina kazi mbili: inawaka kwa joto dogo, na ndiyo inayowapatanisha nyonyo na mafuta ya taa wasitengane. Lakini etha huchemka kwenye nyuzi 35 hivi, joto la kawaida la mchana ndani ya gari lililoegeshwa juani Dodoma, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni mpaka ukute jiko. Ikiwekwa muda mrefu kwenye chupa iliyofunguliwa hujenga perokisidi zinazoweza kulipuka. Changanya kidogo cha kutumia karibuni. Mafuta ya namna hii yakiwa na ukungu, etha imeshakimbia na injini haitawaka, hata ukaze skrubu namna gani. Na mpira wa silikoni unaotumika kwenye tangi la methanoli huvimba na kulegea ukiguswa na mafuta ya taa. Humo weka mpira wa neoprini.